Kweli au Uongo? Maneno Tunayoambiana Kuhusu Mchanga wa Timbwani

Uliza swali lolote la kilimo, la kisima au la msingi wa nyumba pale Timbwani, Likoni, Mombasa, na kabla hujamaliza kuuliza watu watatu watakuwa wameshakujibu. Huu mchanga hauoti kitu, mwanangu. Maji ya mchangani ni safi, Mungu mwenyewe ameyachuja. Ukijenga mchangani utalia. Nawe bila shaka umeyasikia haya, pengine umeyarudia. Mengine ni kweli tupu, mengine ni nusu, na machache yanaweza kukulaza hospitali. Tuyapime moja moja.

1. "Mambo ya barafu ni ya Ulaya, hayahusiani na mchanga wetu."

Si kweli. Barafu haikuwahi kufika Mombasa, hilo halina ubishi, lakini mkono wake ulifika kupitia bahari. Yapata miaka 125,000 iliyopita dunia ilipata joto, barafu ya mbali ikayeyuka, na bahari ikapanda mita kadhaa juu ya ilipo leo. Wakati huo ndipo yalipokua matumbawe ambayo sasa ni mwamba wa ufuoni. Nyuma ya mwamba huo, kwenye maji yaliyotulia, ulitua mchanga ambao wanajiolojia huuita mchanga wa Kilindini. Punje zake nyingi ni za kwatzi, zilizosombwa na maji kutoka kwenye mawe ya mchanga ya bara, upande wa Mazeras na Mariakani.

Baadaye barafu ikarudi kwa nguvu, na miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa imeshuka takriban mita 120. Mito ikachimba mabonde marefu kuifuata. Bahari ilipopanda tena, mabonde hayo yakajaa maji, na kivuko cha Likoni tunachopanda feri ni bonde mojawapo.

Sasa angalia jimbo la Michigan, Marekani. Huko barafu yenyewe ilisaga miamba na kuacha mchanga mwingi, na udongo mmoja uliotokana nao, uitwao Kalkaska, ulitangazwa udongo rasmi wa jimbo mwaka 1990. Wa kwao umetoka kwenye barafu, wetu kwenye mito na bahari, lakini tabia ni ileile: maji hayakai. Shika hilo, maana karibu kila jibu lililobaki linatoka hapo.

2. "Mchanga hauoti kitu."

Si kweli, na minazi inakucheka. Mnazi, mkorosho, mwembe, muhogo, kunde na viazi vitamu vyote huvumilia kichanga, yaani udongo wa mchanga, na vingine hukipenda, kwa sababu mizizi hupata hewa na haiozi kwenye maji yaliyotuama.

Kinachokosekana ni akiba. Punje ya mchanga ina upana wa kati ya milimita 0.05 na 2, ilhali ya udongo wa mfinyanzi haifiki hata milimita 0.002. Punje kubwa huacha nafasi kubwa, na kupitia nafasi hizo hupita maji pamoja na chakula cha mmea. Mita moja ya kichanga kwenda chini huweka takriban milimita 50 hadi 100 za maji ambayo mizizi inaweza kuyanywa. Udongo tifutifu huweka 150 hadi 200.

Pima mwenyewe. Chota udongo wa uani, uloweshe kidogo, ufumbate. Ukifungua kiganja na donge likasambaratika papo hapo, hicho ni kichanga. Au tia udongo kwenye chupa ya maji ya plastiki, jaza maji, tikisa, kisha weka chini. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, ila mfinyanzi unaweza kuyaacha maji yakiwa na tope mpaka kesho. Chupa ikionyesha karibu yote ni mchanga, usipande sukuma wiki bila samadi halafu ukamlaumu aliyekuuzia mbegu.

3. "Mwagilia maji mengi kwa mpigo, mmea ushibe wiki nzima."

Si kweli. Kwenye mfinyanzi ungefaulu. Kwenye kichanga, maji yanayozidi uwezo wake hupita chini ya mizizi na kwenda zake, na mbolea ya chumvichumvi huondoka nayo. Mwagilia kidogo kidogo na mara kwa mara, asubuhi au jioni. Mbolea nayo igawe mara mbili au tatu badala ya kuimwaga yote siku moja, hasa masika, maana mvua ya Mei inaweza kuishusha kabla mmea haujaionja.

4. "Wazee wanasema fukia makumbi na majani, udongo utanona."

Kweli kabisa, na hapa tuwavulie kofia. Makumbi ya nazi yaliyofukiwa kuzunguka mmea hunyonya maji ya mvua na kuyaachia polepole. Matandazo ya majani makavu huzuia jua lisikaushe udongo. Samadi ya mbuzi au ya kuku iliyooza vizuri huongeza mboji, na mboji ndiyo inayoshika maji na virutubisho ambavyo mchanga mtupu hauwezi kuvishika.

Kuna sharti moja: si kazi ya mara moja. Kwa joto letu mboji huoza haraka, kwa hiyo rudia kila msimu. Na anayefagia majani yote ya uani na kuyachoma kila asubuhi anachoma mbolea yake mwenyewe.

5. "Mnazi hupenda chumvi, tia chumvi shimoni."

Kweli, lakini kwa mnazi tu na kwa kiasi. Mnazi unahitaji klorini kuliko mimea mingi, na chumvi ya kawaida inayo. Huko Ufilipino wakulima wa minazi hushauriwa rasmi kuitumia kama mbolea, hasa kwenye mashamba yaliyo mbali na pwani. Lakini aliye karibu na ufuo kama sisi huletewa chumvi bure na upepo wa bahari, kwa hiyo mnazi wake huenda hauna haja nayo. Ukiitia kwenye mchicha au nyanya, utakuwa umeviua kwa mikono yako.

6. "Mchanga huchuja, kisima karibu na choo hakina neno."

Si kweli, na huu ndio uongo wa hatari kuliko yote. Kweli mchanga huweza kusafisha maji. London ilianza kuyachuja maji ya mto Thames kwa mchanga mwaka 1829, na njia hiyo inatumika mpaka leo. Lakini kichujio hicho hutumia mchanga mwembamba uliochaguliwa, maji hupita polepole mno, na juu yake kuna utando wa viumbe hai unaokula vijidudu.

Uani kwako hakuna mpango huo. Maji ya choo cha shimo huteremka upesi kwenye mchanga mkavu, na yakikutana na mwamba wa matumbawe, ambao una nyufa na matundu, hupita humo kama kwenye bomba. Mwongozo unaotumika sana wa huduma za dharura hutaka choo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kwenye ploti zetu zilizobanana, mita 30 ni uwanja wa jirani wa tatu. Na masika maji ya ardhini hupanda, yakalifuata shimo lilipo.

Maji kuwa meupe na bila harufu si ushahidi, maana vijidudu vya kipindupindu havionekani. Kuchemsha huviua, lakini hakuondoi nitreti zinazotokana na kinyesi, na hizo ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo.

7. "Kisima kikiwa na chumvi, chimba zaidi utapata matamu."

Si kweli. Karibu na bahari, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi yaliyojipenyeza chini ya ardhi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni inayojulikana tangu karne ya 19 inasema kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukivuta maji ukayashusha mita moja, chumvi inaweza kupanda mita nyingi kukufuata. Kisima kilichogeuka chumvi kinataka kupumzishwa, pampu ipunguzwe na mvua iachwe izame. Visima vya Tiwi, ambavyo kwa miaka mingi vimeipa pwani ya kusini maji, vinategemea mchanga huuhuu, na maji yake hudumu pale tu tunapochota kwa kipimo.

8. "Nyumba ya mchangani itaanguka."

Si kweli, mradi maji yamepangiwa njia. Mchanga uliobanwa vizuri hubeba mzigo bila kuvimba na kusinyaa, tofauti na udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasua kuta Nairobi. Hata ule mfano wa Injili wa nyumba iliyojengwa mchangani, ukiusoma vizuri, mvua na mafuriko ndiyo yaliyokuja kuipiga nyumba. Mabati yasiyo na mifereji humwaga maji pembeni ya msingi, mchanga ukachukuliwa punje kwa punje. Weka mifereji, yaelekeze maji mbali na ukuta.

Usidanganyike pia kwamba mahali pa mchanga hapafuriki. Uani uliokanyagwa ukawa mgumu, au uliozibwa kwa saruji, hauwezi kunywa mvua hata kama chini yake ni mchanga mtupu.

Kosa jingine la ujenzi ni kuchota mchanga wa ufuoni kwa ajili ya zege. Chumvi yake huozesha vyuma, navyo vikipata kutu huvimba na kuipasua zege. Nyumba za kale za matumbawe na chokaa zilidumu karne nyingi, lakini hazikuwa na chuma ndani.

Basi ukisikia neno jipya kuhusu mchanga huu, uliza swali moja kabla ya kuliamini: maji yataenda wapi, na yatabeba nini? Na kama una kisima uani, usingoje masika. Peleka maji yakapimwe, na mpaka majibu yatoke, chemsha kila tone la kunywa.