Jicho Lenye Ukungu: Upandikizaji wa Konea Unaleta Nini?

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Leo tuko Osukuru, Tororo, pamoja na muuguzi wa macho. Karibu, dada.

MUUGUZI: Asante, kaka. Nawasalimu wote.

MTANGAZAJI: Mtu anaamka anaona ukungu, mchana unapungua. Shida ni nini?

MUUGUZI: Huenda ni konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Unene wake ni kama nusu milimita. Upande wa ndani ina tabaka moja la chembe zinazotoa maji kama pampu. Chembe hizo zikifa, nyingine hazizaliwi. Zinaweza kupungua kwa ugonjwa wa kurithi, au baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Hapo maji yanabaki, konea inavimba. Usiku macho yamefumbwa, unyevu haukauki, ndiyo maana asubuhi ukungu ni mzito.

MTANGAZAJI: Miwani inasaidia?

MUUGUZI: Haiondoi ukungu huo. Ugonjwa ukizidi, dawa ni kupandikiza konea ya mtu aliyefariki. Upasuaji wa kwanza kufaulu ulifanywa mwaka 1905 na daktari Eduard Zirm, kwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Siku hizi, kwa ugonjwa huu, wanaweza kubadilisha tabaka la ndani tu.

MTANGAZAJI: Tofauti ni ipi?

MUUGUZI: Konea nzima inashonwa kwa nyuzi, na kuona vizuri kunaweza kuchukua mwaka au zaidi. Tabaka la ndani linashikiliwa na kiputo cha hewa. Mgonjwa hulala chali, na wengi huona vizuri baada ya wiki au miezi michache. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ndani ya miaka miwili mwili ulijaribu kuikataa konea nzima kwa wagonjwa 18 hivi kati ya 100. Kwa tabaka jembamba kabisa, alikuwa 1 tu.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo akishapasuliwa, amepona?

MUUGUZI: Bado, kaka. Matone hutumika kwa miezi mingi, pengine miaka. Ukihamishwa kambi, beba karatasi za hospitali na dawa zako. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au likirudi ukungu, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Ukiwahi, mara nyingi konea inaokolewa.

MTANGAZAJI: Na aliye na ukungu leo aanzie wapi?

MUUGUZI: Kliniki ya kambi, aombe rufaa kwa daktari wa macho. Hapa Tororo iko Hospitali ya Macho ya Benedictine. Nairobi, hospitali ya Lions ina benki ya macho. Asinunue matone sokoni: mengine hupandisha presha ya jicho na kupofusha kabisa.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, mwambie na jirani yako.

[Muziki wa kufunga]