Kifuko cha Nyongo Kitoke kwa Tundu Lipi?

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipima damu za wenyeji wa sehemu mbalimbali za nchi. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na jeni ya selimundu. Nyanda za juu ilikuwa adimu. Mwaka 1954 akachapisha sababu: mwenye jeni moja hukingwa dhidi ya malaria.

Anayerithi mbili, kwa baba na kwa mama, ndiye anayeugua. Seli zake nyekundu huvunjika mapema, bilirubini hujaa kwenye nyongo na kuganda kuwa vijiwe vyeusi. Ndiyo maana Kisumu, kando ya ziwa hilo, mgonjwa wa vijiwe vya nyongo aweza kuwa msichana wa shule, wala si yule mama mnene wa makamo anayetajwa vitabuni.

Upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo kupitia matundu madogo, alioufanya Erich Mühe kwa mara ya kwanza huko Ujerumani mwaka 1985, unamfaa hasa mgonjwa huyu. Asipokuwa na jeraha refu chini ya mbavu hupumua vizuri, na mapafu ndiyo huwatesa wenye selimundu baada ya kupasuliwa.

Lakini kifuko kikishabanduliwa kwenye ini, bado sharti kipite tundu la sentimita moja hivi. Kikivutwa kwa pupa hupasuka, na vijiwe vyeusi, vidogo mno, hupotelea kati ya matumbo. Vingi havina neno; vichache huzua jipu baada ya miezi, hata miaka.

Mfuko wa kiwandani wa kukitolea ni ghali, kwa hiyo wapasuaji wengi duniani hutumia glavu iliyotakaswa. Huoshwa poda, ikaingizwa tumboni, kifuko kikatumbukizwa ndani, kisha mdomo wake ukavutwa hadi nje ya ngozi. Hapo nyongo hufyonzwa na mawe kusagwa kwa koleo, yote ndani ya mpira. Majaribio hayajathibitisha kwamba mfuko hupunguza usaha kwenye kidonda. Kwangu mimi, kifuko kilichovimba au kutoboka kisitolewe bila huo.

Na mlango? Tafiti nyingi zinaona kutolea kitovuni huuma kidogo kuliko kwenye chembe cha moyo. Tatizo la kitovu ni ngiri, hasa tundu likipanuliwa. Lishonwe hadi kwenye utando mgumu ulio chini ya mafuta, kwani ngozi peke yake haizuii utumbo.