Tume ya Uchunguzi na Wenye Nguvu za Dola

Askari polisi na askari jela wamepewa nguvu asizokuwa nazo raia. Kwa hiyo yapasa pawepo mwangalizi asiye mmoja wao. Nchini Tanzania, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966, ilipokea malalamiko juu ya watumishi wa serikali, lakini taarifa zake zilikwenda kwa Rais. Mahali pake, Sheria Na. 7 ya 2001 iliweka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hiyo huzuru magereza, taarifa yake ya mwaka huwekwa mbele ya Bunge, nayo yaweza kufungua shauri mahakamani mapendekezo yake yakipuuzwa. Hata hivyo, kwa Katiba, Rais aweza kuipa maagizo kwa maslahi ya taifa. Basi nguvu ya mwangalizi haimo katika kuuliza tu, bali pia katika yule aipokeaye taarifa.