Mkono Unaopumzika

Ukitaka kuwagawa wanawake wa mtaa mmoja wa Tanga au Mombasa kambi mbili, usiwaulize habari za siasa. Nyoosha mkono wenye kucha za kubandika, ndefu, za rangi ya waridi, zenye kijiwe kinachometa kwenye kidole cha pete, kisha usikilize. Hawa watakushika vidole wakuulize umebandika wapi na kwa shilingi ngapi. Wale watakunja uso: mwanangu, makucha gani hayo, kama ya mwewe? Ushamba mtupu! Cha kuchekesha ni kwamba wanaoziita za kishamba ni watu wa mjini wa tangu na tangu, na wanaozivaa wanaamini kuwa ndiyo mji wenyewe.

Sidhani ugomvi huu unahusu urembo hasa. Pwani haijapata kuogopa mkono uliopambwa. Kabla ya chupa za rangi kufika madukani palikuwa na hina, na hina haikuwa jambo la haya wala la kificho. Majani hukaushwa, hutwangwa, huchungwa kwa kitambaa chepesi, kisha unga hukorogwa kwa maji ya ndimu au chai ya rangi, ukaachwa hadi utoe rangi. Bibi harusi hupakwa viganja, migongo ya mikono, nyayo hadi juu ya vifundo, na maua huzungushiwa piko nyeusi ili yajitokeze. Ncha za vidole hazichorwi ua. Hupakwa zote, pamoja na kucha, zikatoka nyekundu ya kukolea.

Sasa mtazame huyo bibi harusi wakati hina haijakauka. Kwa saa kadhaa hashiki kitu. Akisikia kiu ananyweshwa, akiwashwa pua anakunwa na dada yake, kanga ikimteleza somo wake, yule mama anayemfunda, ndiye anayemfunga. Hata ikishakauka na kupukutishwa, mikono ile bado haijarudi jikoni, kwa kuwa siku saba za fungate si siku za kupika wala kufua. Mkono wenye hina mbichi unasema mbele ya watu wote kwamba leo mwenyewe hafanyi kazi, na kwamba wapo waliokubali kumfanyia. Rangi ya viganja hufifia ndani ya wiki mbili tatu. Kwenye kucha haitoki. Husubiri ukucha ukue, na ukucha wa mkono hukua kama milimita tatu tu kwa mwezi. Mwanamke mwenye jicho aliweza kuutazama mkono wa mke wa jirani akakisia harusi ilikuwa lini.

Na si kila mtu alipewa ruhusa hiyo. Hina kamili, ya mikono na miguu, ilikuwa ya mwanamke aliyeolewa au anayeolewa. Msichana alipakwa kidogo tu kwa Idi, duara la kiganjani na ncha za vidole. Mjane aliye edani haigusi kabisa. Pambo lilikuwa na mwenyewe, na lilikuwa na siku zake.

Hapo ndipo kucha za kubandika zinapoleta mtafaruku. Mwenye nazo amejipa ruhusa mwenyewe, siku ya Jumanne, bila harusi wala Idi. Ndiyo maana swali la kwanza la mtu mzima, baada ya kuitikia marahaba, huwa lile lile: kwani kuna shughuli gani? Hajauliza kama ni nzuri au mbaya. Anauliza nani amekupumzisha.

Kwa yule mama mzima, mkono wa mwanamke una kazi zinazojulikana: kukuna nazi kwenye mbuzi, kukanda unga wa chapati, kumpaa samaki, kuchambua mchicha, kumtawaza mtoto. Mkwe wa kiume haangalii. Mavyaa anaangalia, na anaanzia kwenye vidole. Huwezi kukuna nazi kwa ukucha wenye urefu wa inchi moja. Chapati unaweza kukanda, lakini walaji watakuwa na maswali. Wala maswali hayo si ya husuda tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu usafi wa mikono, wa mwaka 2009, unawataka wahudumu wa afya wasivae kucha bandia wanapowagusa wagonjwa, na kucha zao halisi zisizidi nusu sentimita, kwa sababu vijidudu hukaa chini yake. Muuguzi hana hoja hapa. Mpika pilau wa shughuli naye sioni kama anayo.

Lakini msichana anayesemwa mara nyingi hayuko kwenye mbuzi. Yuko kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu, anabonyeza kwa ubavu wa kidole kwa kasi inayonishinda mimi mwenye kucha fupi, na tui la nyumbani kwao linatoka kwenye pakiti. Au yuko ofisini, na nyumbani yupo dada wa kazi. Hili la pili halisemwi sana, nami naona lingepaswa kusemwa: kucha ndefu za mama mwenye nyumba huwezekana kwa sababu kuna kucha nyingine, fupi na zilizochakaa kwa sabuni ya unga, zinazofanya kazi badala yake. Ikiwa kuna jambo la kuona haya katika habari hii nzima, mimi ningeanza kulitafuta hapo kabla ya kufika kwenye kijiwe kinachometa.

Tena wanaume wametuachia ugomvi huu kama kwamba wao hawamo. Ni wangapi hatujawaona, makarani, madalali, madereva, wenye ukucha mmoja mrefu wa kidole cha mwisho, uliotunzwa, uliosuguliwa? Hakuna aliyewaita washamba. Na malighafi yenyewe tunayoicheka mikononi tunaiheshimu mdomoni. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kucha za akriliki ni daktari wa meno wa Philadelphia, Fred Slack, aliyevunjika ukucha katika miaka ya 1950 akauziba kwa vifaa vya kazi yake. Babu akitabasamu kwa meno ya bandia tunasema amependeza.

Upande wa dini ni mzito zaidi, na mtu wa bara anayetushangaa huwa hauoni. Udhu unataka maji yafike kwenye ngozi na kwenye ukucha. Hina hupenya ndani ya ukucha bila kuacha utando juu yake, kwa hiyo haizuii kitu. Rangi ya chupa ina utando, na kucha ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi ni zaidi ya utando. Wengi hupaka rangi siku wasizoswali, wakaifuta zikiisha. Na kwa kuwa mtaa mzima unajua hesabu hiyo, kucha nyekundu mbele za watu hutangaza jambo ambalo mama zetu walifundishwa kulisitiri. Wapo wanaoona haya kwa sababu hiyo tu, na ladha ya rangi haimo. Kampuni ya Inglot ya Poland ilitoa rangi inayosemekana kupitisha maji na hewa, na wanazuoni hawakukubaliana juu yake. Kuna pia hadithi mashuhuri ya sahaba Anas inayoweka mpaka wa siku 40 kwa kukata kucha. Juu ya yote hayo kuna lile la mwisho wanalolitaja waosha maiti: yote yanayozuia maji lazima yaondolewe. Bibi mmoja akiwatisha wajukuu kwa maneno haya, ukifa nazo nani atakubandua, wajukuu hucheka, kisha hunyamaza kidogo.

Bunge la Tanzania nalo liliingilia. Septemba 2018, mjini Dodoma, baada ya Naibu Waziri wa Afya wa wakati huo, marehemu Faustine Ndugulile, kueleza madhara ya vipodozi na vitu vya kubandika, Spika Job Ndugai, naye sasa ni marehemu, alipiga marufuku wabunge wenye kope na kucha za kubandika kuingia ukumbini. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Sina ubishi na gundi: inaweza kuuchubua ukucha halisi hadi ubaki laini na mwembamba, hasa ukibandua kwa nguvu. Lakini piko tunazopakwa harusini, ambazo mara nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi nyeusi, nazo zimewachoma watu ngozi mpaka malengelenge, na sijasikia mtu akizuiwa mlangoni kwa ajili ya piko. Piko ina wazee wa kuitetea.

Huku mitaani biashara haikungoja uamuzi. Dar es Salaam vijana wa kiume hupita na kapu la plastiki lenye chupa za rangi, beseni na jiwe la kusugulia nyayo, wakigonganisha chupa mbili ili wenye nyumba wajue wamefika. Mwanzoni watu walinong'ona sana: mwanamume wa kando ameushika mguu wa mke wa mtu, kibarazani, mchana kweupe! Minong'ono haijaisha, ila wateja ni wengi kuliko wanong'onaji. Kwa mwanamke asiye na fedha wala muda wa saluni, hayo ndiyo mapumziko yenyewe: nusu saa, mguu kwenye beseni, mtu mwingine anahangaika.

Ukinibana niseme kama zinapendeza, nitasema ndiyo, wiki ya kwanza. Mikono yetu ya rangi ya kahawa huvaa nyeupe na dhahabu vizuri kuliko picha za matangazo zinavyodai. Ubaya wake uko wiki ya tatu, ukucha halisi umesogea na kuacha pengo chini ya plastiki, mbili zimebanduka, mwenyewe anakificha kidole gumba ndani ya ngumi akipokea chenji. Hina inajua kuondoka bila kumwaibisha mtu. Kucha ya gundi haijui, na wanaoivaa bado hawajakubaliana siku ya kuibandua.

Hata hivyo naona tunaelekea huko. Siku hizi zinauzwa kucha zilizo tayari kwa pakiti, za kushikwa na vibandiko, na wanawake wengi huzivaa kwenda kicheni pati au harusini saa mbili za usiku, wakazitoa kabla ya kulala, wakaziweka kwenye kisanduku pamoja na hereni. Na bibi harusi wa sasa anataka vyote viwili: hina kwenye viganja na kucha nyeupe ndefu kwa ajili ya picha. Masomo walilalamika kwanza kuwa kazi yao inafunikwa na plastiki. Baadaye wakaanza kupatana na mabibi harusi kama familia zinavyopatana kuhusu mahari na mablanketi: hina ipakwe hadi kwenye kucha kama kawaida, zile za kubandika zivaliwe juu yake usiku wa kupiga picha tu, na asubuhi ya pili, mavyaa akija kumwona mwali, akute nyekundu.