Wanaovuka nchi kwenda kupigana vita mezani

Baba anayeishi Aberdeen, kaskazini mwa Scotland, akitaka kucheza mashindano ya wikiendi mjini Nottingham, England, ana zaidi ya kilomita 600 mbele yake. Ni karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Arusha. Ataondoka Ijumaa, alale hoteli ya bei nafuu, acheze Jumamosi kutwa na Jumapili hadi alasiri, kisha ageuze gari kwa sababu Jumatatu kuna kazi. Kwenye kiti cha pembeni hakai mkewe wala mtoto. Hapo kuna sanduku lenye sponji ndani, na kwenye sponji wamelazwa askari wa plastiki wasiozidi urefu wa kidole. Wapo wanaolifunga sanduku hilo mkanda.

Akishinda, atarudi na kikombe. Akishindwa, atarudi mikono mitupu, na mwezi ujao atauliza tena kama wikiendi iko wazi.

Kwa mke anayebaki na watoto, swali ni jepesi: huyu mtu anafuata nini huko?

Mchezo wenyewe si wa kitoto kama picha zake zinavyoonyesha. Katika Warhammer 40,000, ambao kampuni ya Games Workshop ya Nottingham iliutoa mwaka 1987, kila mchezaji anakuja na jeshi lake. Amelinunua kidogo kidogo, ameliunganisha kwa gundi na kulipaka rangi kwa brashi nyembamba, askari mmoja mmoja, pengine kwa miezi. Meza ina urefu wa sentimita 152 na upana wa 112, na juu yake kuna magofu ya kujificha nyuma yake. Wanapima hatua kwa futi ya fundi na kurusha dadu kujua nani amepigwa. Mchezo mmoja wa mashindano huchukua kama saa tatu, na wikiendi moja kwa kawaida huwa na michezo mitano.

Asili yake ni ya kijeshi kweli. Mwaka 1824, ofisa wa jeshi la Prussia aitwaye Reisswitz alikamilisha mchezo wa ramani na dadu ulioanzishwa na baba yake, nao ukatumika kufundishia maofisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akachapisha kanuni za kuchezea askari wa bandia sakafuni nyumbani, akisema waziwazi kwamba vita vya namna hiyo ni bora kuliko vile vya kweli. Mwaka uliofuata Ulaya ikaingia Vita vya Kwanza vya Dunia.

Leo hii ni biashara kubwa. Desemba 2024 Games Workshop iliingia kwenye orodha ya kampuni 100 kubwa zaidi za Soko la Hisa la London, pamoja na mabenki na kampuni za mafuta.

Lakini duka la michezo lipo karibu kila mji wa Uingereza. Kwa nini mtu aende mbali?

Sababu moja iko kwenye upangaji wa mashindano. Hakuna mtoano. Aliyeshinda mchezo wa kwanza hupangiwa mshindi mwenzake, aliyeshindwa hupangiwa aliyeshindwa, na wote huendelea hadi mwisho. Mtu aliyesafiri saa saba hawezi kutolewa asubuhi akae kuangalia wengine. Atacheza michezo yake yote, na kila mara atakaa na mtu asiyemjua kwa saa tatu. Wazazi ambao watoto wao wamecheza sataranji ya shule wanaufahamu mpangilio huu, na wanajua unavyomwokoa mtoto aliyeanza vibaya.

Sababu ya pili ni ile rangi. Aliyekesha kwa miezi akipaka macho ya askari mwenye kichwa kidogo kama punje ya njegere anataka kazi yake ionekane na watu wanaojua ugumu wake. Kwenye kompyuta mchezo unaweza kuchezwa bila kutoka nyumbani, na wengi walifanya hivyo wakati wa korona. Milango ilipofunguliwa, walirudi ukumbini.

Nottingham si mbali ukilinganisha na wengine. Kila Januari mjini Canberra, Australia, hufanyika tamasha la michezo liitwalo CanCon. Wa Sydney wana bahati, kwao ni kilomita 280 hivi. Wa Melbourne wanaendesha kilomita 660. Anayetoka Perth, upande wa pili wa bara, ana takriban kilomita 3,700 za barabara, ambazo ni zaidi ya mara tatu ya Dar es Salaam hadi Mwanza, akiwa bado ndani ya nchi yake. Huyo hupanda ndege, na jeshi lake hulishika mkononi. Hakuna mchezaji mwenye akili timamu anayekabidhi kazi ya miezi kwa wabeba mizigo wa uwanja wa ndege.

Marekani wana Gen Con. Ilianza mwaka 1968 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, mwanzilishi wake akiwa Gary Gygax, mpenzi wa michezo ya vita ambaye baadaye alishiriki kubuni Dungeons & Dragons. Sasa hufanyika Indianapolis kwa siku nne, na mwaka 2023 ilipokea zaidi ya watu 70,000. Vyumba vya hoteli zilizo jirani na ukumbi hugombewa kiasi kwamba wahudhuriaji hupangiwa kwa bahati nasibu saa ya kuingia kwenye mfumo kuchagua chumba. Anayekosa hulala nje ya mji na kuendesha gari kila asubuhi.

Hapo Pennsylvania, kwenye hoteli ya milimani ya Seven Springs, wapenzi wa michezo ya mezani hukusanyika kila kiangazi kwa zaidi ya wiki moja kwenye mashindano ya World Boardgaming Championships. Zawadi kubwa ni kibao cha ukumbusho. Zipo familia zinazoifanya ndiyo likizo yao ya mwaka, kwa sababu watoto wana michezo yao na kuna bwawa la kuogelea. Huenda hili ndilo jibu bora kuliko yote kwa nyumba yenye ugomvi wa wikiendi: mkiweza, nendeni wote.

Si kila nyumba inaweza. Jeshi moja la mashindano hugharimu mamia ya pauni kabla ya mafuta, hoteli na kiingilio. Kuna siku za likizo ambazo zilikuwa za mapumziko ya familia. Kuna mama anayefua, kupika na kupeleka watoto kwenye mpira peke yake kwa siku tatu, na Jumapili usiku anampokea mtu aliyechoka anayetaka kusimulia dadu zilivyomsaliti kwenye mchezo wa nne. Wanaume wanaosema "mwenzako anakwenda baa, mimi nacheza tu" hawajajibu kitu. Saa ni saa, hata zikitumika kwa jambo jema.

Hata hivyo, upande wa afya una hoja yake, na si ndogo. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti inayosema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kwa mwaka. Huongeza hatari ya kiharusi, magonjwa ya moyo, kisukari na sonona. Mwanaume akishaoa na kupata watoto, marafiki ndio wa kwanza kupungua. Wengi huzungumza vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi, ndiyo maana kijiwe cha bao hakijawahi kuhitaji mshauri nasaha. Mtu mwenye watu wanne au watano anaokutana nao kila msimu, wanaomuuliza kwa nini safari iliyopita hakuja, ana kinga ambayo haiuzwi dukani. Mke anayepima gharama za safari aiweke na hiyo kwenye mizani, na mume naye akumbuke kwamba mkewe anahitaji kijiwe chake na wikiendi zake.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wangeshtuka kuona baadhi ya meza hizo. Mbali na vita vya kubuni vya sayari za mbali, wapo wanaocheza vita vya kihistoria, na mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 ni miongoni mwa yanayopendwa. Waingereza walileta askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, dhidi ya kama 1,000 wa Wajerumani, wakashindwa vibaya, na nyuki walioudhika wakawashambulia wapiganaji. Kampuni za Uingereza na Marekani zinatengeneza sanamu za maaskari Waafrika wenye kofia na bunduki zao, na mzee wa miaka 60 aliyezaliwa Ohio anaweza kukueleza reli ya Tanga ilipita wapi kuliko kijana wa Chumbageni.

Wasioonekana sana ni wapagazi. Vita ile ya Afrika Mashariki ilibebwa kichwani, na wapagazi waliokufa kwa njaa, malaria na kuhara ni makumi ya maelfu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimepata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Kwenye mchezo, mpagazi hana alama za kushinda, hivyo wachache humpaka rangi. Mzazi ambaye mtoto wake anavutiwa na michezo hii, iwe Leicester, Minneapolis au Mombasa, ana hapo mlango mzuri wa mazungumzo: nani yupo mezani, na nani amesahauliwa?

Hofu ya wazazi wengi ni kwamba kucheza vita kutamfanya mtoto awe mgomvi. Ukitazama ukumbini utaona vitu vingine vinavyostahili hofu zaidi.

Cha kwanza ni safari yenyewe. Utafiti ambao WHO iliutangaza mwaka 2007 ulionyesha kuwa kukaa bila kujongea safarini kwa saa nne au zaidi, kwenye ndege, basi, treni au gari, huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo, takriban mtu mmoja kati ya 6,000, lakini hupanda kwa wanene, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango na waliowahi kuugua tatizo hilo. Baba wa Aberdeen asimame kila baada ya saa mbili, atembee, anywe maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au kifua kikibana, hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Cha pili ni usingizi. Wahudhuriaji wa matamasha wana kanuni yao ya utani: kwa siku, angalau saa tano za kulala, milo miwili na kuoga mara moja. Kuoga hakuna mjadala, hasa kwa atakayekaa meza ya jirani. Lakini saa tano hazitoshi. Mtu mzima anahitaji saba au zaidi, kijana wa sekondari nane hadi kumi, mtoto wa shule ya msingi tisa hadi kumi na mbili. Anayeendesha gari kilomita 600 Jumapili usiku baada ya siku mbili za kulala saa tano ni hatari kwake na kwa wengine barabarani. Alale usiku mmoja zaidi, au apokezane usukani na mwenzake.

Cha tatu ni mafua. Maelfu ya watu kwenye ukumbi mmoja, wakishika dadu na meza zilezile, hurudi na kikohozi. Baada ya tamasha moja la michezo ya kompyuta mjini Seattle, Septemba 2009, wahudhuriaji wapatao 100 waliripotiwa kuugua homa ya mafua ya H1N1. Sabuni na maji kabla ya kula, na chanjo ya mafua inapopatikana, husaidia sana. Mwenye homa abaki nyumbani hata kama hoteli imeshalipiwa.

Kisha kuna vitu vya kurudi navyo nyumbani. Sanamu hizi zina vipande vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, na visu vya kukatia plastiki vina makali ya wembe. Rangi za kupuliza zitumike nje. Sanamu za rezini zikisuguliwa hutoa vumbi laini lisilofaa kuvutwa, kwa hiyo barakoa ivaliwe na kazi ifanyike kwa maji.

Za kuangaliwa zaidi ni zile za zamani. Hadi miaka ya 1990 sanamu nyingi za chuma zilimiminwa kwa mchanganyiko wenye madini ya risasi, na bado zinauzwa kwenye meza za mitumba za matamasha haya kwa bei ya kuvutia. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na WHO inasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Zikiwa nzito kuliko ukubwa wake, zikiacha alama ya kijivu kwenye karatasi, au zikiwa na unga mweupe juu yake, zisikae kwenye meza ya chakula wala mikononi mwa mtoto. Mtu mzima anayezikata au kuzisugua afanye hivyo mbali na jikoni, afute meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na anawe mikono kabla ya kumbeba mtoto aliyekuja kumpokea mlangoni.