Mbwana Samatta: Kutoka Mbagala Hadi Ulaya



Ukipita Nyakato jioni utawakuta watoto wakicheza mpira. Wengine wana mpira wa dukani. Wengine wana mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba. Mzazi mmoja atasema, "Watoto hawa wanapoteza wakati. Waende wakachote maji." Mzazi mwingine atasema, "Waache wacheze. Huenda mmoja wao akawa Samatta."

Je, nani kati yao anasema kweli? Usijibu upesi. Kwanza soma habari za huyo Samatta. Utaona mpira ulimfikisha wapi. Utaona pia kwamba miguu peke yake haimfikishi mtu mbali.

Mwanzo wake

Mbwana Ally Samatta alizaliwa Dar es Salaam tarehe 23 Desemba 1992. Alikulia Mbagala, upande wa kusini wa jiji, kwenye barabara iendayo Kilwa. Yeye ni mshambuliaji. Kazi ya mshambuliaji ni kufunga mabao.

Alianza kujulikana katika timu ya African Lyon. Mwaka 2010 alihamia Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na timu ya TP Mazembe katika mashindano ya Klabu Bingwa Afrika. TP Mazembe ni timu ya mji wa Lubumbashi, nchini Kongo. Wakati ule ilikuwa imelichukua kombe hilo miaka miwili mfululizo, 2009 na 2010. Mazembe iliifunga Simba michezo yote miwili. Lakini mwaka huohuo Mazembe ilimchukua mshambuliaji wa Simba. Samatta alikuwa na umri wa miaka 18.

Sisi wa Mwanza herufi TP si ngeni kwetu. Timu yetu ya Pamba huitwa TP Lindanda. Herufi hizo zinatokana na maneno ya Kifaransa. Maana yake ni "mwenye nguvu zote".

Miaka ya Kongo

Samatta alikaa Lubumbashi zaidi ya miaka minne. Huko watu wanasema Kiswahili, ingawa kinatofautiana kidogo na cha kwetu. Ofisini na shuleni hutumia Kifaransa. Kijana huyu hakuwa na haraka ya kwenda Ulaya. Alicheza, akajifunza, akakua.

Mwaka 2015 Mazembe ilifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Ilipambana na USM Alger ya Aljeria. Fainali ilikuwa ya michezo miwili. Mazembe ilishinda ugenini mabao 2 kwa 1. Kisha ikashinda nyumbani mabao 2 kwa 0. Samatta alifunga bao moja katika kila mchezo. Katika mashindano yote ya mwaka huo alifunga mabao 7. Hapakuwa na mchezaji aliyefunga zaidi yake.

Januari 2016 aliitwa Abuja, Nigeria. Huko alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake.

Safari ya Ulaya

Baada ya tuzo hiyo alikwenda Ulaya. Kama una ramani ya dunia, fuata safari yake kwa kidole:

Mwaka 2016: Genk, Ubelgiji.
Mwaka 2020, mwezi Januari: Aston Villa, Uingereza.
Mwaka 2020, mwezi Septemba: Fenerbahçe, Uturuki.
Mwaka 2021: Antwerp, Ubelgiji.
Mwaka 2022: Genk kwa mara ya pili.
Mwaka 2023: PAOK, Ugiriki.
Mwaka 2025: Le Havre, Ufaransa.

Genk ndiko alikong'ara zaidi. Katika msimu wa 2018 hadi 2019 alifunga mabao 23 ya ligi. Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji. Septemba 2019 Genk ilicheza na Salzburg ya Austria katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Genk ilifungwa 6 kwa 2, lakini moja ya mabao hayo mawili lilikuwa la Samatta. Novemba mwaka huo alifunga tena kwa kichwa katika uwanja wa Liverpool, Uingereza.

Januari 2020 Aston Villa ilimnunua. Tarehe 1 Februari alifunga bao dhidi ya Bournemouth. Akawa Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi alicheza fainali ya kombe katika uwanja wa Wembley, London. Villa ilifungwa na Manchester City 2 kwa 1. Bao hilo moja la Villa alilifunga Samatta kwa kichwa.

Neema hiyo haikudumu. Ugonjwa wa korona ulisimamisha ligi. Ligi iliporudi, Villa ilikuwa katika hatari ya kushuka daraja. Samatta hakufunga tena. Mwezi Septemba alipelekwa Uturuki. Safari ya Uingereza ilikuwa ya miezi minane tu.

Mfano kutoka visiwa vya mbali

Miaka mingi kabla yake, Aston Villa ilimchukua mshambuliaji mwingine kutoka mbali. Jina lake ni Dwight Yorke. Alitoka kisiwa kidogo cha Tobago, katika bahari ya Karibi, ng'ambo ya Atlantiki. Alifika Villa mwaka 1989 akiwa kijana, akakaa miaka tisa. Mwaka 1998 alikwenda Manchester United. Mwaka 1999 timu hiyo ilichukua vikombe vitatu vikubwa. Baadaye Yorke alicheza Blackburn, Birmingham, Sydney ya Australia, na Sunderland. Mwaka 2006 alikuwa nahodha wa nchi yake, Trinidad na Tobago, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani.

Unaona, msomaji? Klabu ni ileile. Mmoja alikaa miaka tisa, mwingine miezi minane. Mpira una bahati yake. Mchezaji hawezi kuiamuru bahati. Anaweza tu kujitayarisha kwa siku mbaya kama kwa siku njema.

Samatta hakukata tamaa. Alikubali kwenda kwa mkopo. Mkopo wa mchezaji ni nini? Ni kama kumwazima jirani ng'ombe wa kulimia. Ng'ombe analima kwa jirani, lakini bado ni wako. Kwa mkopo alicheza Antwerp. Kwa mkopo alirudi Genk. Halafu akaenda PAOK, na mwaka 2024 PAOK ikawa bingwa wa Ugiriki. Aliyeonekana ameanguka alishika kombe tena.

Nahodha wa taifa

Timu yetu ya Taifa Stars ilicheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980, huko Lagos, Nigeria. Baada ya hapo ilikosa nafasi kwa miaka 39. Mwaka 2019 iliifunga Uganda 3 kwa 0 Dar es Salaam, ikapata nafasi ya kwenda Misri. Nahodha alikuwa Samatta. Huko Misri Tanzania ilifungwa michezo yote mitatu. Lakini dhidi ya Kenya, mchezo ulioisha 3 kwa 2, Samatta alifunga bao. Mapema mwaka 2024 aliiongoza tena Tanzania katika fainali hizo huko Ivory Coast.

Miguu na karatasi

Sasa turudi kwa wale wazazi wetu. Watu wengi huona mabao tu. Hawaoni karatasi. Mchezaji anapohama timu, karatasi ndizo huamua. Kuna mkataba, ambao unasema atacheza miaka mingapi na atalipwa nini. Unasema pia nani atamtibu akiumia. Mtu asiyesoma mkataba wake ni kama mkulima anayeuza pamba bila kutazama mizani.

Yako mambo manne ambayo kila mzazi na kila kiongozi wa timu anapaswa kuyajua.

Kwanza, umri. Sheria za FIFA, chama cha mpira cha dunia, zinakataza klabu kumchukua mchezaji wa nchi nyingine aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Basi akija mtu akasema, "Nipe mtoto wa miaka 14 nimpeleke Ulaya," jihadhari.

Pili, wakala. Wakala ni mtu anayemtafutia mchezaji timu. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA. Asiye na leseni, anayedai nauli na pesa ya pasipoti mapema, huenda ni mwizi. Usiuze ng'ombe wala shamba kwa ajili ya maneno yake. Muulize leseni. Isome mwenyewe. Kisha ulizia chama cha mpira cha wilaya.

Tatu, daftari la timu. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa timu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Tufanye hesabu. Mchezaji ameuzwa kwa shilingi milioni 200. Asilimia 5 ni shilingi milioni 10. Timu iliyomlea alipokuwa na miaka 12 hadi 15 hupata shilingi laki 5 kwa kila mwaka. Kwa miaka hiyo minne ni shilingi milioni 2. Iliyomlea kuanzia miaka 16 hupata shilingi milioni 1 kwa kila mwaka. Fedha hizo zingenunua mipira, viatu na nyavu.

Lakini timu ambayo haikuandikishwa haipati kitu. Mchezaji ambaye jina lake halimo katika kumbukumbu za chama cha mpira ni kama hakulelewa na mtu. Kwa hiyo andikisheni timu yenu. Andikeni jina la kila kijana, tarehe yake ya kuzaliwa, na siku aliyojiunga. Daftari moja na kalamu moja vinatosha kuanzia.

Nne, shule. Katika watoto wengi wanaocheza, wachache sana ndio watakaolipwa kwa mpira. Na hao wachache huacha kucheza wakiwa bado vijana. Mkulima wa miaka 40 ana nguvu za kulima. Mchezaji wa miaka 40 kwa kawaida amekwisha kustaafu. Atafanya nini baadaye kama hajui kusoma wala kuhesabu?

Basi wazazi wote wawili wana sehemu ya ukweli. Mpira ni mchezo, na pia unaweza kuwa kazi. Mtoto achote maji, aende shule, kisha acheze. Mzazi amtazame anavyocheza. Kiongozi wa timu aandike jina lake. Samatta alipanda ngazi moja baada ya nyingine: Mbagala, Simba, Lubumbashi, Genk. Haba na haba hujaza kibaba.

Jadilianeni katika kikundi chenu:

1. Samatta alicheza Kongo zaidi ya miaka minne kabla ya kwenda Ulaya. Je, miaka hiyo ilimsaidia nini?

2. Je, timu ya kijiji chenu imeandikishwa? Daftari la majina ya wachezaji linatunzwa na nani?

3. Mchezaji ameuzwa kwa shilingi milioni 80. Asilimia 5 ni shilingi ngapi?

4. Mtu mgeni amekuja kijijini akitaka kumchukua mtoto wa jirani akacheze mpira nchi nyingine. Mtamuuliza maswali gani?