Maske ya mgonjwa si maske ya vumbi

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaoleta chakula hospitalini, mara nyingi tunasikia malalamiko haya mlangoni: "Mtu wetu anakosa pumzi, nanyi mnamfunga pua na mdomo!" Basi tuelezane.

Kifua kikuu hakiambukizwi kwa sahani wala kwa kupeana mkono. Mgonjwa akikohoa, akiimba au hata akisema, anatoa matone madogo sana ya mate. Yakikauka yanaelea hewani saa nyingi, na anayevuta hewa ile anavuta mikrobe. Maske nyepesi ya hospitali inayakamata pale pale mdomoni, yangali mabichi. Munganga anavaa nyingine, nzito, inayobana uso, kwa sababu kazi ya ile ni kumchujia hewa anayovuta.

Jambo hili lilipimwa Afrika ya Kusini, huko eMalahleni, mji wa makaa ya mawe uliokuwa ukiitwa Witbank. Wagonjwa 17 wa kifua kikuu sugu walivaa maske siku moja, kesho yake hawakuvaa, vivyo hivyo kwa miezi mitatu. Hewa ya vyumba vyao ilipelekwa kwa kobaye, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa na watu wengi. Kobaye 90 walivuta hewa ya siku za maske, 90 wengine hewa ya siku zisizo na maske. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012: bila maske waliambukizwa 69, kwa maske, 36.

Hesabu hiyo inafurahisha, lakini 36 bado ni wengi. Kwa hiyo msitukasirikie tunapofungua madirisha wakati wa baridi, au tunapowaambia mkae na mgonjwa nje, chini ya mti. Mtoto mchanga abaki nyumbani.

Sasa neno kwa wachimbaji. Wako wanaochukua maske ya vumbi kutoka kazini na kumpa ndugu aliyelazwa, wakiona ni ya nguvu kuliko yetu. Mapenzi ni mazuri, lakini tazama mbele yake: nyingi zina kidude cha plastiki kinachofunguka mtu akitoa pumzi. Kidude hicho kinampunguzia mfanyakazi joto. Kwa mgonjwa, kinatoa mikrobe moja kwa moja hadi kwako uliyeketi karibu na kitanda! Ibaki mgodini, na huko uivae kweli, isininginie shingoni. Mapafu yaliyojaa vumbi la mawe yanashikwa na kifua kikuu upesi kuliko mengine.

Maske ya mgonjwa ifunike pua na mdomo pamoja. Ikilowa, ibadilishwe. Anaweza kuivua akila au akiwa peke yake. Wengine wanaikataa kwa haya, hasa mbele ya wakwe. Tunawaambia haitakuwa ya siku zote, kwani dawa zikimfaa, na akizinywa kila siku, uambukizaji unapungua upesi. Dawa zenyewe, kwa kifua kikuu cha kawaida, ni miezi sita, hata akijisikia mzima mwezi wa pili.

Anayekohoa majuma mawili au zaidi aje dispanseri, makohozi yake yapimwe. Yakionekana na mikrobe, bibi yake na watoto nao waje, hata kama hawakohoi.